Usije na Gari Hilo Kumchukua Zuhura

Kwa mwanangu Shomari, Mlingotini.

Marahaba, maana shikamoo yako najua utaitoa ukianza kusoma. Hujambo wewe, mkeo na hao wadogo? Mgongo wa mkeo umepoa? Huku Dodoma, ukweni kwa Zuhura, mimi mzima, ila vumbi linanikausha koo. Binti yako Zuhura naye mzima, tumbo la miezi saba linamtangulia mlangoni.

Nakuandikia kwa mkono wangu kwa sababu nikipiga simu unasema "sawa mama, sawa mama," kisha unakata. Karatasi hii huikati.

Shomari, naliogopa gari lako. Ulipolinyanyua na kulitia springi ngumu libebe ndoo za samaki, mimi ndiye niliyejishaua kwa majirani kwamba mwanangu sasa hagusi shimo. Na kweli, likiwa na samaki linatulia. Lakini siku uliyonileta huku tulikuwa wawili na kibegi changu. Tangu Msata narushwa kama mchele kwenye ungo, wewe unacheka: "Shikilia mama, hiyo ndiyo gari ngumu."

Pale Chalinze, ulipoingia msikitini, fundi mmoja wa malori alichungulia uvunguni. Akaniambia, "Bibi, huyu kabadili springi, shokapu kaacha zile zile za zamani. Springi inaruka, hakuna cha kuituliza. Na gari limekuwa refu kwenda juu, kwenye kona litalala." Nilipokueleza ukasema fundi wa malori anajua nini kuhusu gari dogo.

Hatujafika mbali, mbuzi akakatiza. Ulikata usukani kidogo tu. Nyuma ikaruka, ikataka kutangulia mbele, na lori linakuja. Nilitoa shahada. Toka hapo mpaka Morogoro ulikwenda mwendo wa baiskeli, malori yakitupita. Usinifanye mjinga.

Sasa unasema Jumamosi unakuja kumchukua Zuhura akajifungulie kwa mama yake, kama mimba ya kwanza inavyotakiwa. Mtoto keshafunga kanga zake, kila asubuhi ananiuliza baba anafika saa ngapi. Sijamwambia kitu. Nikilitazama tumbo lake naliona lori lile.

Rudisha springi za zamani, au tia shokapu za kuendana na hizo mpya na gari ulishushe. Ukishindwa, njoo kwa basi. Ukija nalo lilivyo, binti hapandi. Atazalia hapa hapa kwa mama mkwe wake, na Mlingotini nzima iseme bibi yake hana mila. Mimi niliyewasema wenzangu miaka yote kwa jambo hilo hilo, nitakaa kimya nisemwe.

Msalimie mkeo, na wifi yangu wa vitumbua. Mwambie mwalimu wa madrasa atuombee dua, ila sababu yenyewe usimwambie, ni aibu yako.

Jumamosi nitakuwa kibarazani, nione umekuja na nini.

Mama yako,
Tatu binti Salehe