Vifuko vya Dada

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na wote wanaolala chini ya bati lenu. Mimi mzima, kasoro usingizi.

Wale wapangaji wa kichwani mwangu (wewe ndiye uliyewapa jina hilo, ukasema kodi hawalipi na kelele wanapiga) wamenyamaza tangu nesi wa kliniki aniongezee vidonge. Nashukuru. Ila miguu haitulii kitandani. Inataka kwenda mahali, nami nabaki nimelala, naisindikiza kwa macho.

Hapa dobi nimetolewa kwenye kufua, nimewekwa kwenye pasi. Mwenzangu wa meza ya pili tunamwita Kola, maana miaka yote hajanyoosha kitu ila kola za mashati. Anasema nina mkono mwepesi. Bosi naye kaahidi kwamba nikimaliza majaribio bila kuunguza nguo ya mtu, meza ni yangu. Niombee.

Mdogo wako


19 Februari

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Barua yako nimeisoma hadi imelegea kwenye mikunjo. Sisi hatujambo, cherehani inazunguka, shemeji yako anachonga viti vyake na kukohoa kama kawaida. Namshukuru Mungu kwa meza yako na kwa wapangaji kunyamaza. Lakini hiyo miguu imeninyima raha.

Nilikwenda kwa mama mmoja anayeuza mizizi na majani sokoni. Nikamweleza hali yako, na kwamba unameza vidonge vya hospitali. Akasema haya ni majani tu, mwenzangu, jani lina ubaya gani. Nikaona anasema kweli. Akanisagia unga wa kutuliza mwili, nami nimekushonea vifuko vyeupe kwa mabaki ya shuka, vya kutumbukiza kwenye maji ya moto. Kila kimoja nimekishona nikikuombea, mguu kwenye pedeli, wewe mdomoni. Kunywa kimoja kila jioni, usiruke, kwa sababu maombi yangu yamo humo.

Shemeji yako kwa ubishi wake alionja kimoja. Tukamkuta kibarazani amelala ameketi, mguu wa kiti mapajani, mate kidevuni. Tulicheka hadi jirani akachungulia.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Natumaini barua hii itawakuta salama, na shemeji ameamka.

Sasa nalala. Nalala kama jiwe lililotupwa kisimani, tena kisima chenyewe hakina chini. Ninaota dobi letu, lakini shuka zilizoanikwa ni ndefu, zinakwenda mbali kama vijia, na mimi napita katikati yake. Upande wa pili nasikia cherehani yako. Naiona miguu yako tu chini ya shuka, inakanyaga pedeli. Nikitaka kuifunua shuka, kumekucha.

Mchana nao umekuwa laini. Ulimi mzito kidogo, na nikisimama ghafla chumba kinainama kunisalimia. Kola huninong'oneza, “Bwana harusi, amka.” Mvuke wa pasi unapanda, nami napanda nao kidogo, kisha narudi. Si vibaya, Dada. Ni kama kuishi ndani ya pamba.

Nesi aliniuliza kama kuna kitu kingine ninachotumia. Nikasema hakuna. Nisingeweza kuitaja zawadi yako mbele ya watu kwenye foleni, kana kwamba nakushitaki.

Vifuko vikiisha sivitupi. Navifua, navianika dirishani. Vidonge vyangu naviweka humo.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu tena. Nilikutumia vifuko vingine kwa dereva wa mizigo, naye akasema alivikabidhi mlangoni kwako. Kisha kimya. Nikaandika barua, kimya. Unakula? Wapangaji wamerudi?

Kila nikishona, sindano inanikatikia. Mungu akulinde hapo ulipo. Niandikie hata neno moja.

Dada yako


21 Mei

Dada yangu,

Nakusalimu na kukuomba radhi kwa kimya. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana maneno yamelala upande.

Nilikuwa nanyoosha shuka. Mvuke ukapanda, nikaingia ndani yake kama ninavyoingia ndotoni. Nikazikuta shuka zako ndefu, nikasikia cherehani. Nikajisemea, leo nitaifunua. Kumbe nimelala wima, mkono wa kulia chini ya pasi. Sikuhisi upesi, Dada. Hilo ndilo linalonitisha kuliko kidonda. Kola ndiye aliyenusa, akavuta waya. Sasa mezani kwangu kakaa mtu mwingine hadi nipone, na bosi hajasema kama nitarudi.

Kliniki nilitoa vidonge kwenye kifuko chako. Nesi akakinusa, akauliza kilibeba nini. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Akasema vidonge vyangu vyenyewe vinaleta usingizi, na nikiongeza kitu kingine cha kulaza ambacho hakuna anayejua kina nini, ipo siku sitaamka. Mimea mingine, akasema, haikulazi bali inaidhoofisha dawa, na mgonjwa anashangaa maradhi yamerudi. Hata miguu kutotulia ilikuwa kazi ya vidonge, ningemwambia angerekebisha, na sasa amerekebisha. Akanishika bega, akasema: “Vidonge usiache. Vifuko acha. Siku nyingine hata ukiletewa chai na malaika, nionyeshe kwanza.”

Nimeelewa. Lakini vifuko ulivyotuma mara ya pili vipo mezani. Jioni ikifika navitazama, navyo vinanitazama. Juzi nilichemsha maji kabisa. Naona nikivitupa nayatupa maombi yako, na wapangaji wakija wataukuta mlango wazi. Nesi amesoma, lakini wewe ndiye uliyenilea. Niambie, na utakalosema nitalifuata.

Mdogo wako


28 Mei

Mdogo wangu wa moyoni,

Pole na mkono. Nimeibusu barua yako na mwandiko wake uliolala.

Ilipofika, nilikwenda sokoni kwanza. Nikamuuliza yule mama ule unga una nini hasa. Akasema inategemea, leo kile, kesho hiki, kulingana na alichopata. Alisema vizuri tu, ana roho nzuri, aliniuliza hali yako. Nikarudi nyumbani bila kununua kitu.

Shemeji yako nilimsomea barua akiwa anapiga randa. Akaiweka randa chini. Akasema, “Mimi nilikunywa kimoja tu, na sina kidonge chochote tumboni.”

Tulicheka, mdogo wangu. Mungu alituonyesha pale kibarazani, peupe, nasi tukashika mbavu.

Sasa nisikilize, mimi niliyekubeba mgongoni. Usichemshe tena yale maji. Pasua vifuko vyote, unga umwage. Vidonge usiviache hata siku moja, na huyo nesi mtii kama unavyonitii mimi. Nilikuambia maombi yangu yamo humo. Nilikosea. Unga ni wa yule mama, mimi sikuugusa kwa dua yoyote. Nilikuwa naomba huku nashona, basi kama yapo mahali, yapo kwenye uzi.

Nimekushonea kimoja kipya, kitupu. Nimekiombea kuliko vyote.

Dada yako


9 Julai

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Mimi mzima, na safari hii hakuna kasoro. Angalia, mkono wa kulia.

Nilimwaga unga siku ileile. Jioni za kwanza zilikuwa ndefu. Sasa nalala usingizi wa kawaida, wenye chini na juu, na wapangaji hawajarudi. Zile ndoto zimekwisha. Naona ajabu kuzikumbuka kwa hamu, kwa sababu wewe ulikuwamo. Shuka za hapa siku hizi ni shuka tu, fupi, zina madoa.

Jumatatu bosi aliniita. Akanionyesha meza yangu, akasema nianzie na kitu kidogo, aone. Kola aliacha kola zake akaja kusimama karibu na waya wa pasi, anajifanya anatafuta kifungo.

Nikatoa kifuko chako kipya mfukoni, nikamimina vidonge kwenye sahani ya chai, nikakitandaza mezani. Nikakinyoosha pande zote mbili, taratibu, macho wazi. Kola akakishika, akakiangalia mbele na nyuma, akanirudishia.

Hakikuungua.

Mdogo wako