Ghorofa la Mheshimiwa Limeandikwa Jina Langu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, ila kwanza salamu, maana sikulelewa kuingia kwa watu na kilio mlangoni. Mimi sijambo kwa kuonekana. Baba watoto anakusalimu, amelala kwenye kochi, kitanda kinamchosha mgongo. Binti yangu mkubwa, fundi cherehani, anakusalimu, ndiye anayenisaidia maneno magumu humu, na ndiye pekee anayejua ninachokuandikia. Mdogo wake wa kiume yuko gereji, mzima, kucha zimejaa grisi. Mapacha wangu wa darasa la sita wanakusalimu na wanataka kujua wewe ni mwanamke au mwanamume. Mama mkwe hajambo, sikio moja tu limegoma, na hilo jingine linasikia linachotaka.

Mshauri, mimi nafua na kupiga pasi nyumbani kwa mbunge wetu, mwaka wa kumi na mmoja huu. Shule niliishia darasa la nne, kuandika naandika hivi unavyoona, ila pale kazini wote tunapiga dole gumba, karani wake anasema saini inaigwa lakini dole haliibiwi. Kila mwisho wa mwezi anakuja na daftari na pedi ya wino, tunapanga foleni jikoni, mpishi, dereva, mlinzi na mimi, unabonyeza, unachukua bahasha yako, unarudi kazini, hakuna anayesoma, atasoma nini wakati kila mwezi ni yale yale. Sasa mwaka juzi akaja na karatasi nyingine juu ya daftari, akasema, "Mama, weka na hapa, na hapa, ni mambo ya bima." Nikaweka. Tena nikamwambia asante.

Mwaka huu figo za baba watoto zimekataa kazi. Anatakiwa kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na sisi uwezo huo hatuna, lakini hospitali ya umma ina msamaha wa malipo kwa wasiojiweza, kwa hiyo nikaenda kwa ofisa wa ustawi wa jamii, dada mmoja wa miwani, akaingiza namba ya kitambulisho changu kwenye kompyuta, akaigeuza ile kompyuta nione.

"Mama, una jengo la ghorofa tatu la kupangisha, halafu umekuja kuomba msamaha?"

Nikacheka, nilidhani utani. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ghorofa naliona nikianika nguo za watu."

Yeye hakucheka. "Uza madirisha tu, mumeo atatibiwa," akasema, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Binti yangu akaenda kulitafuta hilo jengo. Lipo. Chini duka la vigae, juu ofisi za watu. Akamwambia mlinzi anamtaka mwenye nyumba, mlinzi akamjibu, "Mwenye nyumba ni bibi mmoja hatujawahi kumwona, wanasema anaishi ng'ambo." Mshauri, bibi wa ng'ambo ndiye mimi, na ng'ambo yenyewe ni karo la kufulia.

Wiki ile ile nilikuwa napiga pasi, televisheni inaonyesha bunge, wanabishana kama viongozi walazimishwe kutangaza mali zao hadharani, kila mwananchi azione, maana sasa wanajaza fomu na fomu inafungiwa kabatini. Mheshimiwa wetu akasimama, akasema mali ya mtu ni kama chumba chake cha kulala, si mahali pa wageni, na kwamba yeye hana la kuficha, ana nyumba moja na shamba la urithi basi. Wenzake wakagonga meza. Shati alilovaa nililinyoosha mimi asubuhi. Nililokuwa nalo mkononi nikaliunguza kola.

Nikamfuata karani nyuma ya nyumba, nikamwuliza. Hakushtuka hata kidogo.

"Mama, tulia. Jina lako lilichaguliwa kwa sababu halina kelele."

"Jina hilo linamuua mume wangu."

"Mheshimiwa amesikia habari za mzee na ameumia sana. Atalipia mashine, hata mwaka mzima. Wewe mwisho wa mwezi huu utabonyeza karatasi moja tu, kwamba ghorofa ni lako, ulilipata kwa jasho lako, na yeye humjui kwa mambo ya mali."

"Nisipobonyeza?"

Akafunga daftari lake. "Utakuwa mama mwenye ghorofa asiye na kazi."

Binti yangu anasema mama, si tuliuze tu tumalize, lakini hati yenyewe anayo karani, na mimi naogopa hata kupita mtaa ule, nahisi madirisha yote yananijua.

Na mheshimiwa si kwamba alinitesa. Mama yangu alipofariki yeye ndiye aliyenunua jeneza, mkewe ananiita dada, ndiyo maana moyo unavutwa huku na huku kama nguo inayokamuliwa na watu wawili. Baba watoto nimemwambia hospitali ilikosea jina, watarekebisha. Anaamini. Miguu imevimba viatu haviingii. Wiki hii amesafishwa mara moja kwa michango ya majirani, siku ya pili tulikaa naye nyumbani tukiangalia saa inapita. Nikibonyeza, anaishi, na mimi nakuwa shahidi wa uongo mpaka kaburini. Nikikataa, nimemzika kwa mkono wangu. Na wakija kukamata, watamkamata nani kama si mwenye jina? Hata kusali nimechoka, naanza sala naishia katikati.

Sasa nauliza, mshauri, ni haki mtu tuliyempa kura ajifiche nyuma ya mwanamke anayemfulia? Zile fomu zingekuwa wazi, si angekuwepo mtu mmoja wa kuuliza ghorofa lile la nani? Au ndivyo dunia ilivyo na mimi ndiye niliyechelewa kujua?

Zimebaki siku kumi na mbili mwezi uishe. Nakuomba unijibu upesi, hata mistari miwili, usiniweke kwenye foleni ya barua. Na jina langu usilitoe, siku hizi lina kazi nyingi mno.

Mimi, Mama wa wanne

*

Mama wa wanne,

Jina lako halitatoka hapa, na barua yako imeruka foleni. Pole, mama. Nimeisoma mara tatu na kila mara nilitamani iishe vingine.

Nikugombeze kidogo, kisha tufanye kazi. Una binti anayejua maneno magumu, na umekaa miaka kumi na mmoja ukibonyeza kila unachowekewa mbele. Mtu akikwambia "weka na hapa", hapo ndipo pa kuuliza. Ila usijitwike lisilo lako: aliyedanganya ni aliyesema bima, na aliyemtuma.

Umeuliza kama ni haki. Si haki. Tumemkabidhi mtu funguo za ghala letu, tukimwomba ageuze mifuko anasema tunachungulia chumba chake cha kulala. Chumba cha kulala cha mtu hakijawahi kumwondoa mgonjwa kwenye mashine. Sikudanganyi kwamba fomu kuwa wazi kungetosha, kwa kuwa angeandika nyumba moja vile vile. Lakini fomu ikiwa wazi, mwenye duka la vigae, akiona jengo halimo, anaweza kuuliza kodi yake inakwenda kwa nani. Ikiwa kabatini, wa kuuliza ni panya.

Karatasi ya pili usiibonyeze. Ya kwanza ulidanganywa. Hii utakuwa unadanganya mwenyewe, macho makavu, na siku mambo yakiharibika watakuonyesha wewe. Na hiyo ahadi ya mwaka mzima, imeandikwa wapi? Wanaokuandikisha wewe kila kitu wenyewe wanaahidi kwa mdomo. Ukishabonyeza, mheshimiwa hana tena sababu ya kukumbuka figo za mtu.

Wiki hii hii, nenda na binti yako mahakamani, uliza wanaotoa msaada wa kisheria bure wako wapi. Waeleze kama ulivyonieleza mimi, usipunguze kwa sababu ya jeneza, jeneza ulishalishukuru. Watakuandikia hati ya kiapo. Binti aisome kwa sauti, neno kwa neno, ndipo uweke dole. Nakala moja peleka ofisi ya maadili ya viongozi, wakugongee muhuri kwenye nakala utakayobaki nayo. Nyingine peleka hospitalini, usirudi kwa yule dada wa miwani, dai kumwona mkubwa wake, omba wakupime upya kwa hali unayoishi. Kuuza ghorofa, binti asilitamke hata kwa mzaha. Na karani usigombane naye; fua, piga pasi, nyamaza.

Sikufichi: kazi utaipoteza. Na ofisi hizi zina mwendo wao, figo zina mwendo wao. Naweza kukuonyesha njia iliyo safi, siwezi kukuahidi kwamba utafika mwisho wake mkiwa wawili. Dawa ya hilo sina.

Lakini kosa lako kubwa, mama, si la dole. Umemwuliza mtu wa gazetini kabla ya kumwuliza mgonjwa. Damu inayojadiliwa bei ni yake, na wewe umemfungia kabatini. Kaa naye leo, mwambie yote, jengo, karatasi, na siku zilizobaki. Akisema bonyeza, sitakulaani, langu nimeshalisema. Akisema usibonyeze, usimbishie. Utalia, naye atalia, na hilo ni lenu wawili. Weka gazeti chini uende.