Kipimo Bado Kinasema Nina Mimba

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaharibu nguo za watu, maana mimi ni fundi cherehani na siku hizi mkono uko kwenye kitambaa, akili haipo. Niliposhika mimba nilikuwa najipima tumbo kwa tepu yangu ya kazini, kwa raha tu, nikaona linakua haraka kuliko miezi yenyewe, wifi akasema hao ni mapacha, nami mjinga nikakata nguo za watoto wawili, huku natapika hadi maji, mara nikaanza kutokwa damu, kwenda hospitali daktari akanipima kwa ultrasaundi akasema hakuna mtoto, hiyo ni mimba zabibu, kondo la nyuma limeota malengelenge kama kishada, wakanisafisha, nikarudi nyumbani nalia. Juzi udadisi ukanishinda, nikanunua kipimo cha mkojo, kikatoa mistari miwili. Mume wangu kafurahi, anasema, "Wale walikosea, mtoto bado yumo, hurudi tena kule." Na wiki hii natakiwa kupimwa damu. Nimwamini nani? Na kama hakukuwa na mtoto, nilikuwa namlisha nani?

Fundi wa Tepu

Pole sana, fundi, na mumeo pia mpe pole, maana naye anaomboleza kwa namna yake. Ila kuomboleza si udaktari.

Kipimo kile hakimwoni mtoto. Kinatambua homoni ya mimba, na kondo lako liliitoa kupita kiasi, ndiyo maana ukatapika vile. Ukishasafishwa hushuka taratibu, kwa hiyo mistari yako si ajabu. Swali ni je, inashuka? Hilo hujibiwa na damu. Ikigoma kushuka, kuna mabaki yanaota, na yanaweza kugeuka saratani, ambayo ikiwahiwa hutibika vizuri. Halafu mumeo anataka ukae nyumbani! Tepu yako ilikuonyesha tumbo limekua, ilikuambia kilichomo?

Nenda wiki hii, na mumeo umkokote akasikie kwa masikio yake. Tumieni uzazi wa mpango mpaka daktari aruhusu, maana mimba mpya itavuruga majibu. Ukitokwa damu tena au pumzi ikibana, usingoje tarehe. Zile nguo zitunze, wengi huzaa salama baadaye, na hukukosea lolote, mimba yenyewe ilitungwa vibaya tangu mwanzo.

Umeuliza ulikuwa unamlisha nani. Ulikuwa unajilisha wewe, na huyo ndiye anayesubiriwa hospitali.