Mwaka na Nusu kutoka kwa Mbunge wa Ulaya

Alhamisi, baada ya isha

Limo! Jina langu limo kwenye orodha ya mikutano anayoitangaza mbunge wa Ulaya, chini ya makampuni makubwa matatu aliyokutana nayo kuhusu ushuru mpya wa vifurushi vya bidhaa vinavyoingia Ulaya. Ushuru huo ukianza mara moja, duka la wifi Salma kule Brussels litafungwa, na mimi ninayemtumia mikoba kutoka hapa Guangzhou nitarudi Dar na mwanangu bila kazi.

Leo mchana wifi alituunganisha kwa video, yeye akitafsiri. Zuhura alikuwa ananyonya, nikajitanda khanga vizuri. Mbunge akasema atawaombea wafanyabiashara wadogo nafuu ya miezi sita kabla ushuru haujawagusa.

"Laoban, miaka miwili," nikamjibu, kama ninavyowaita mabosi wa maduka ya mikoba kule Shiling.

"Wee wifi! Huyu mheshimiwa, si muuza mikoba!" Salma akacheka, lakini akatafsiri.

"Mwaka mmoja," akasema mbunge.

Pale Shiling ningejifanya naondoka dukani ili niitwe tena. Kwenye simu utaondokaje? Nikanyoosha kidole kama nakata simu.

"Mwaka na nusu!" mbunge akawahi.

Nikamwambia aliandike hilo hadharani, pamoja na jina langu, kama alivyowaandika wale wakubwa. Jioni Salma kanitumia picha ya ile orodha. Mbunge kaandika kweli, ombi na jina.

Kura bado haijapigwa. Naogopa, sikatai, wale wenzangu wa kwenye orodha wana mawakili na mimi niliishia la saba. Lakini akigeuka, pa kumshikia ninapo.