Barua Yetu kwa Televisheni

Jumatatu, 1 Juni

Vyeti sita vya kuzaliwa leo, kimoja cha kifo. Shefu, mkubwa wa ofisi yetu, alifika saa nne, akaondoka saa sita. Kashe, ule muhuri wa ofisi, aliniachia kwenye droo ya kushoto kama kawaida. Saa tisa nilifunga mlango. Nikaangalia kufuli mara mbili. Nikarudi kuliangalia tena. Kisha sine, banda letu la televisheni.

Papa Rashidi, mwenye banda, alikuwa ameshawasha jenereta. Ulaya mpira wa miguu umepumzika, kwa hiyo wiki hizi ni tenisi tu. Mwaka wa kwanza watu walimzomea. Sasa mabenchi hayatoshi. Nafikiri ni ule udongo wa uwanja, mwekundu kama barabara ya Nyangwe. Kazi yangu ni kusimama karibu na televisheni na kuwageuzia watu Kifaransa cha watangazaji kwa lugha yetu. Hapo tu ndipo siogopi kusema mbele ya watu, kwa sababu maneno si yangu.

Leo Radi alivunja raketi. Radi ni jina tulilompa sisi. Lake la kweli halikai mdomoni. Aliipiga chini mpaka ikabaki mpini. Akamfokea mwamuzi. Kisha, kabla ya mchezo kuendelea, alikwenda kwenye kiti cha mwamuzi, akainamisha kichwa na kuweka mkono kifuani. Tuliona kwa sekunde moja. Likaingia tangazo la gari. Waliporudi, walionyesha raketi ikivunjika, polepole. Nilihesabu mara saba kabla seti haijaisha.

Mabishano makubwa. Mama Zaina, anayekaanga mandazi mlangoni, aliingia na unga mikononi, akasema yule mutoto hakulelewa. Yeye ni shabiki wa Padiri, jina letu la yule mchezaji mwingine asiyecheka wala kununa. Papa Rashidi akasema Padiri anawalaza watu, Radi ndiye anayejaza mabenchi, na wenye televisheni wanalijua hilo: kamera inamfuata mpaka puani ikingoja akasirike. Mume wa Mama Zaina, Amisi, mtu wa Uvira anayenunua dhahabu kule Wamaza, ni wa Radi. Anasema nyumbani kwao kila mtu analala na mchezaji wake. Watu walicheka sana.

Lakini leo Amisi hakucheka. Alisimama.

"Mutu alikosa, akaomba samahani. Kosa wameonyesha mara saba. Samahani iko wapi?"

Papa Rashidi akasema basi tuwaandikie. Wote wakanigeukia mimi.

Jumanne, 2 Juni

Asubuhi Amisi alikuja ofisini kuchukua cheti cha mwanawe. Akanikumbusha barua. Nikamwambia iko tayari. Haikuwa tayari. Niliiandika mchana, kwa Kifaransa, mara tatu. Naweka hapa sehemu yake kwa lugha yetu:

"Hatusemi kwamba alifanya vema. Wengi wetu tunasema alifanya vibaya, na kwamba mtu mzima asivunje chombo chake cha kazi. Tunachoomba ni hiki: mkionyesha kosa la mtu, onyesheni na alivyolimaliza. Pia msikate mechi za wanawake kabla hazijaisha. Huku tunaacha kazi zetu ili kuzitazama."

Sentensi ya mwisho ni ya Mama Zaina. Alisema isipowekwa hatatuuzia tena mandazi.

Jioni watu walitia sahihi. Nilichora mistari: jina, kijiji cha asili, kazi, sahihi. Ndivyo vitabu vyetu vya ofisi vilivyo. Sijui kupanga majina ya watu kwa namna nyingine. Wa kwanza ni Amisi, kwa sababu alikaa karibu na meza. Thelathini na mmoja kwa jumla. Zaidi ya nusu ni wachimbaji: Fizi, Shabunda, Uvira, Bukavu. Juu niliandika Kamati ya Wapenzi wa Tenisi. Hatuna kamati. Niliona inapendeza.

Papa Rashidi akaishika, akaigeuza. "Karani, haina kashe."

Ni kweli. Kwetu hapa karatasi isiyo na kashe ni ya kufungia karanga. Hata mwaliko wa arusi una kashe. Nilirudi ofisini, nikafungua droo, nikagonga mara moja. Duara la bluu, limenyooka vizuri. Nilifurahi jinsi lilivyonyooka.

Jumatano, 3 Juni

Barua imeondoka na mwenye pikipiki anayekwenda Kindu, makao ya mkoa. Bahasha haijaandikwa anwani, huko mtu ataitafuta na kuituma. Jioni walikata tena mechi ya wanawake, seti ya tatu. Mama Zaina alisema wangoje tu, barua iko njiani. Alisema kama mtu aliyetuma polisi.

Ijumaa, 5 Juni

Pikipiki ilisimamishwa kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani. Wanajeshi walifungua bahasha. Barua yenyewe hawakuisoma, au waliisoma na hawakuiamini. Walisoma majina. Wachimbaji kutoka mashariki, vijiji vyao, kazi zao, sahihi zao, neno kamati, na juu ya yote kashe ya serikali. Wiki hizi, huku upande wa Kabambare wanatafuta watu wa msituni, waasi wenye bunduki, kila siku. Mtu gani mwenye akili angeandika orodha kama ile? Mimi.

Shefu aliniita ndani, akafunga mlango. Sijawahi kumwona akifunga mlango. Akauliza nani aligonga kashe. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Muda ulikuwepo, nakumbuka nzi alitembea dirishani kutoka chini mpaka juu. Nikasema labda droo ilibaki wazi Jumanne, watu waliingia wengi.

Akauliza kama Amisi wa Uvira alikuwa miongoni mwao.

Nikasema alifika.

Ni kweli alifika. Kitabu kinaonyesha, ametia sahihi ya cheti. Sikusema uongo hata neno moja hapo. Ndilo linaloniogopesha zaidi.

Jumamosi, 6 Juni

Wanajeshi wamemchukua Amisi. Sokoni, saa tano, mbele ya watu wote. Jina la kwanza kwenye orodha, kwa hiyo ndiye mkubwa wa kamati, na ndiye mwizi wa kashe. Walimfunga mikono nyuma kwa mkanda wake mwenyewe. Suruali ikawa inateremka. Alijaribu kuishika kwa vidole.

Sikuwepo. Najua kwa sababu kuna video. Mtu aliichukua kwa simu, na sasa iko kwenye kila simu ya Kasongo. Nimeonyeshwa mara nne leo. Mara ya nne aliyenionyesha alikuwa fundi wa viatu, akaisimamisha pale Amisi anapoanguka, akairudisha, akaionyesha tena.

Sikula.

Jumapili, 7 Juni

Leo ilikuwa fainali. Radi na Padiri. Sine imefungwa, antena imeshushwa. Wachimbaji wengi wameondoka mjini. Nilikwenda misa. Sikusikia kitu.

Jumatatu, 8 Juni

Vyeti viwili vya kuzaliwa. Nimeharibu karatasi tatu.

Mama Zaina alipita asubuhi na sahani iliyofunikwa kitambaa, anampelekea Amisi chakula mahabusu. Mchana akaja ofisini na sahani ileile. Hakuruhusiwa kumwona. Chakula walikipokea, sahani waliirudisha tupu kabla hajageuka, kwa hiyo anajua nani amekula.

Alitaka nimwandikie barua ya kuomba mumewe aachiwe. Alikaa kwenye kiti cha watu wanaoandikisha watoto. Akaniambia niseme Amisi si mwizi, hajui hata kashe inakaa droo gani. Niliandika hayo kwa mkono wangu. Droo ilikuwa karibu na goti langu. Kashe haimo tena, Shefu anatembea nayo mfukoni.

Alipoinuka alisema, "Asante, mutoto yangu. Wewe ndiye mutu mumoja hajanipa mugongo."

Mimi ni mwoga. Nimeliandika ili niweze kulisoma.

Jumanne, 9 Juni

Shefu anasema Alhamisi kuna gari linalowapeleka mahabusu Kindu. Amisi akifika Kindu kwa jambo la orodha na watu wa msituni, hatutamsikia tena. Shefu alilisema akikata kucha. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba kosa likishapata mwenyewe halihitaji mwenyewe mwingine. Nadhani anajua. Nadhani alijua tangu Ijumaa, na akachagua nibaki mimi kwa sababu mimi hupanga faili.

Nimefikiria kukimbia. Niende Nyangwe, nivuke mto. Nimefikiria pia kukaa kimya, na kwamba baada ya mwaka itakuwa imepita. Hili la pili ndilo nililolifikiria kwa muda mrefu zaidi.

Jumatano, 10 Juni

Nimeandika tangu alfajiri. Ukurasa mmoja, bila kukosea. Mimi fulani, karani, niliandika barua, nilichora orodha, niligonga kashe kwa mkono wangu. Amisi hakuingia ndani ya ofisi zaidi ya kiti cha wageni. Kamati haipo. Ni watu wanaotazama tenisi. Nitaipeleka kambini kwa wanajeshi saa mbili. Ikiwa sitarudi, daftari hili liko chini ya godoro, na kodi ya chumba

Saa mbili sasa.

Ijumaa, 12 Juni

Nimerudi. Naandika polepole, kidole cha kati kimevimba.

Jumatano kwenye lango la bluu la kambi ofisa wa zamu aliisoma barua yangu yote. Akaigeuza nyuma. Akaniuliza kashe iko wapi. Nikasema sina, nimenyang'anywa, ndiyo habari iliyoandikwa hapo. Akasema barua haipokelewi bila kashe, niende kwa Shefu wangu. Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Nadhani ni kicheko kile kilichoniingiza ndani.

Ikabidi niyaseme kwa mdomo. Niliyasema mara nyingi, kwa watu watatu, nao kila mara walitaka niongeze wakubwa na silaha. Sikuwa na cha kuongeza. Waliniuliza kwa nini mtu avunje raketi yake. Nilieleza. Waliniuliza kwa nini wazee wazima wa Kasongo wajali. Nikawaambia alivyosema Amisi: kosa mara saba, samahani iko wapi. Yule mkubwa wao akaniuliza nani alishinda fainali. Sikujua.

Waliniweka chumba kimoja na Amisi. Sikio lake la kushoto halisikii. Walimpiga kofi la viganja viwili. Nilimwambia yote. Ilibidi nihamie upande wa pili na kuanza upya. Nikamwomba samahani. Akasema:

"Umesema huku ndani, karani. Huku hakuna mutu."

Alhamisi gari liliondoka bila yeye. Leo alfajiri wametutoa kwa mlango wa nyuma, ule wa kwenye jalala, mmoja mmoja. Aliondoka bila mkanda, akishika suruali.

Jumatatu, 15 Juni

Nimesimamishwa kazi. Shefu alinipa barua. Ina kashe, imepinda.

Mtaani wananisalimu kama zamani. Wengine wananipa pole: wanasema nilifungwa kwa ajili ya yule mwizi wa kashe. Video bado inazunguka. Amisi alivyotolewa hakuna aliyeona. Ilikuwa alfajiri, jalalani. Amisi hapati mtu wa kufanya naye biashara. Wateja wa Mama Zaina wamepungua. Hajaja kwangu. Amisi amemwambia, bila shaka.

Jumapili, 21 Juni

Papa Rashidi amepata ruhusa, ameirudisha antena. Sasa wanacheza kwenye majani, si udongo. Nilikwenda. Nilikaa kwanza nje, karibu na jiko la Mama Zaina. Hakunitazama. Alinisogezea kigoda kwa mguu nisimzibie mlango, nikaingia.

Mabenchi hayakujaa. Amisi alikuwa mbele, peke yake kwenye benchi la watu watano. Hakuna aliyekaa karibu naye. Mechi ilikuwa haijaanza, walikuwa wanaonyesha ya nyuma: raketi ya Radi, polepole. Papa Rashidi akaniashiria nianze kugeuza.

Nilimwomba apunguze sauti. Akazima kabisa. Nikasimama mahali pangu pa siku zote. Nikashika kona ya televisheni. Nikasema sentensi nne. Kashe niligonga mimi. Orodha nilichora mimi. Shefu aliponiuliza, nilimwacha Amisi achukuliwe. Amisi hakuiba kitu.

Hakuna aliyezomea. Ingekuwa afadhali. Mtu mmoja alikuwa ameinua simu, kisha akaishusha. Mama Zaina alikuwa mlangoni na kijiko chake. Mafuta yaliendelea kulia nyuma yake.

Papa Rashidi akawasha sauti. Mpira wa kwanza ukapigwa. Watangazaji wakaanza, na mimi nikaanza, kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Majani yanateleza leo, nikasema. Upepo unatoka kushoto.

Amisi hakunitazama. Baadaye kidogo aligeuza kichwa, sikio lake zima likawa upande wangu. Labda ni kwa ajili ya mechi. Niliendelea mpaka seti ya tatu, kwa sauti ya juu kuliko kawaida, nikitamka kila neno.