Baba Alivyokuitikia kwa Kichwa

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tuliobaki huku ni wazima. Miguu yangu bado inavimba, ingawa hukuuliza.

Barua yako imefika. Unasema ulilia sana siku tuliyomzika baba, ila moyo wako umetulia kwa kuwa alikusamehe. Nilimsomea shangazi, akafuta machozi. Mimi nilikuwa na vyombo vya kuosha.

Nianze na habari za waifai, maana ni kazi ya mikono yako. Fundi mitandao mzima, ulikaa huko ng'ambo ukatugawia kasi yake kwa kubonyeza simu yako: kila mtu fungu sawa, hakuna kupendelea. Wapangaji wetu walikusifu mno. Katuni za watoto wao hazikwami tena, na yule fundi cherehani anaangalia mpira wake mpaka mwisho.

Baba fungu lile halikumtosha. Unajua msumeno wa karakana ulimharibia masikio, akawa anasikiliza kwa kutazama midomo ya watu. Mpira ukionekana kwa ukungu bado ni mpira. Midomo ikiwa na ukungu, baba hapati hata neno moja. Nilikuomba umwongezee. Ukanijibu, "Dada, haki ni haki. Halafu mzee mwenyewe hasikii, video safi ya nini?" Maneno hayo yalinikaa moyoni.

Basi ukapiga siku ile kuomba radhi kwa kutokuja kumzika mama. Ukapiga wakati nyumba nzima wamewasha simu zao. Sauti yako ilifika vizuri, nilisikia kila neno na kila kwikwi. Uso wako ulikuwa madoa ya rangi tu. Baba akaisogeza simu mpaka puani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena. Ndipo ukauliza, "Baba, umenisamehe?"

Ningeweza kugonga milango ya wapangaji wazime. Ningeweza hata kumrudilia maneno yako, midomo yangu aliisoma bila shida. Nikakumbuka mama alivyokuulizia mpaka ulimi ukawa mzito, na mimi nikimdanganya kwamba uko njiani.

Baba akanigeukia, akaniuliza kwa nyusi. Nikamjibu kwa midomo, bila sauti, kwamba unataka kujua kama mtandao unafika vizuri.

Akatabasamu. Hakutaka kukuvunja moyo, akaitikia kwa kichwa, nawe ukaangua kilio cha furaha. Nilifurahi pia, mdogo wangu. Sitakuficha.

Shangazi anakusalimu sana. Mpwa wako anasema asante kwa viatu, vinamtosha. Wasalimie shemeji na watoto, Mungu awatunze huko mliko.

Ulipokata simu, baba aliniambia, "Kumbe mtandao tu. Mama yake hata hakumtaja." Hakukuulizia tena mpaka anakata roho.

Ni mimi nikupendaye, damu moja,
Dada yako