Sukuma Wiki za Kwenye Ndoo

Yaeda Chini, Jumanne usiku

Usingizi hauji, na hasira hii sina hata ruhusa ya kuwa nayo.

Mbuzi wa jirani yangu, Mama Gidahoda, wamekula sukuma wiki nilizopanda kwenye ndoo. Kiangazi chote nimezinywesha maji ya kuoshea vyombo! Waliacha ndoo moja tu, nyuma ya jiko.

Jioni akaja kuomba msamaha. Kwao wafugaji huombi mikono mitupu. Unashika majani mabichi, na mwenzako akiyapokea, ugomvi umekwisha.

"Mwalimu, hasira iishe," akasema, amenyoosha mkono.

Nikayapokea. Ningefanyaje?

Lakini bonde lote limekauka, majani mabichi ameyatoa wapi? Nikayatazama vizuri. Sukuma wiki. Ndoo ya nyuma ya jiko imebaki vijiti.

Nimeyapika, nimeyala. Hasira haijaisha.